Elspet wa Niclas: Sarufi ya Jina katika Picha ya Albrecht Dürer ya Mwaka 1499



1. Utangulizi

Nilipoombwa kutoa mhadhara huu wa hadhara, nadhani wengi wenu mlitarajia nizungumzie mofolojia ya Kiswahili, somo ambalo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nitalizungumzia, lakini naomba radhi kwa kuanzia mbali kidogo. Ninataka tuitazame picha moja ya rangi za mafuta iliyochorwa mwaka 1499 katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, na Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa enzi za Mwamko wa Ulaya. Ni picha ya mwanamke. Mimi si mwanahistoria wa sanaa, wala sitajaribu kujifanya mmoja wao. Kilichonivuta kwenye picha hii ni maneno machache yaliyoandikwa juu ya kichwa cha mwanamke huyo. Maneno hayo ni jina lake, na jina hilo lina sarufi.

Hoja yangu ni hii: namna mtu anavyotajwa katika maandishi ya kudumu hutuonyesha jinsi jamii yake ilivyomhesabu. Wapo waliotajwa kwa majina yao wenyewe; wapo waliotajwa kuwa wa fulani; na wapo waliotajwa kana kwamba hawakuwa na wao popote duniani. Sisi wanaisimu tumezoea kuzitafuta tofauti hizo katika tenzi, katika barua na katika mazungumzo. Picha yenye maandishi nayo ni waraka, na inastahili kusomwa kama waraka.

Huenda mtu akauliza: mambo ya Nuremberg yanatuhusu nini sisi tunaoshughulika na Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, swali la kumtaja mwanamke kwa jina lake, la mumewe, la baba yake au la mwanawe ni swali lililo hai majumbani mwetu. Pili, tukifuata majina katika kazi za mchoraji huyu hadi mwisho, tutamkuta mwanamke wa asili ya Kiafrika, na njiani tutapita kwenye mwambao wetu wenyewe. Nitafika huko. Kwanza tuitazame picha.

2. Picha yenyewe

Picha imechorwa juu ya ubao mdogo, wenye urefu wa sentimita 29 hivi na upana wa sentimita 23. Ukubwa wake haupiti sana ule wa daftari la mwanafunzi. Leo hii imehifadhiwa katika mji wa Kassel, kwenye jumba la Wilhelmshöhe. Mwanamke ameonyeshwa kuanzia kifuani kwenda juu, uso umegeuzwa upande wa kushoto wa mtazamaji. Nywele zake zimefunikwa kwa kilemba cheupe, kama ilivyompasa mwanamke aliyeolewa. Nyuma yake limetundikwa pazia la kitambaa cha thamani chenye nakshi, na pembeni kuna uwazi unaoonyesha nchi na mawingu. Mkononi ameshika pete ya dhahabu.

Dürer alizaliwa Nuremberg mwaka 1471, mtoto wa sonara aliyehamia mjini humo kutoka Hungaria. Alipoichora picha hii alikuwa amekwisha kufika Italia, na mwaka mmoja kabla, yaani 1498, alikuwa ametoa kitabu cha michoro juu ya Ufunuo wa Yohana kilichomjengea sifa Ulaya nzima. Nuremberg ulikuwa mji huru, uliowajibika moja kwa moja kwa Kaisari. Uliendeshwa na baraza ambalo viti vyake vilishikwa na koo chache za wafanyabiashara wakubwa. Ukoo wa Tucher ulikuwa mmoja wa koo hizo. Katika mji wa namna hiyo ndoa ilikuwa mkataba baina ya koo mbili, na picha ya ndoa ilikuwa sehemu ya ushahidi wa mkataba huo.

Ndiyo maana picha hizi zilichorwa mbili mbili: mume kwenye ubao wa kushoto, mke kwenye ubao wa kulia, mbao zikiunganishwa kama kurasa mbili za kitabu. Ubao wa mume wa mwanamke huyu umepotea. Kwa hiyo mtazamo wake wa kuelekea kushoto, ambao kwetu huonekana kama wa mtu aliyezama katika fikra, hapo awali ulikuwa unamwelekea mtu mahususi. Yeye amebaki, aliyemwelekea hayupo. Hata hivyo jina la mume huyo tunalijua vizuri, kwa sababu liko ndani ya jina la mke.

3. Maneno juu ya kichwa

Maandishi ya juu yanasomeka hivi: ELSPET NICLAS TVCHERIN 26 ALT 1499. Herufi V katika maandishi ya aina hii husomwa kama U. Kwa Kiswahili tungeweza kusema: «Elspet wa Niclas, wa kina Tucher, umri miaka 26, 1499». Nawaomba tuichambue tafsiri hii neno kwa neno, kwa kuwa pale tafsiri inapopwaya ndipo lugha mbili zinapoonyeshana sura zao.

Neno la kwanza, Elspet, ni jina lake la ubatizo, namna mojawapo ya kulitamka jina Elisabeth. Hilo ndilo neno pekee katika mstari mzima lililo lake binafsi. Neno la pili, Niclas, ni jina la mumewe. Limewekwa katikati, baina ya jina lake na jina la ukoo, bila kiunganishi chochote. Kwa kuwa Niclas huishia kwa s, haiwezekani kuona kama lina alama ya uhusika wa umilikaji au halina. Umbo ni lile lile. Kijerumani cha wakati ule kiliweza kulipachika jina la mume hapo na kila msomaji akaelewa uhusiano uliokusudiwa. Kiswahili hakiwezi kufanya hivyo. Sisi tukiyapanga majina mawili bila kiunganishi, la pili huchukuliwa kuwa la baba. «Elspet Niclas» kwetu angekuwa binti wa Niclas. Ili awe mkewe lazima tutumie «mke wa», au angalau -a unganifu. Uhusiano ambao Kijerumani kiliuacha ueleweke wenyewe, Kiswahili kinalazimika kuutamka.

Neno la tatu ni Tucherin. Hapa tuna jina la ukoo, Tucher, na kiambishi tamati -in. Kiambishi hiki huonyesha jinsia ya kike. Kijerumani cha leo hukitumia katika majina ya kazi: Lehrer ni mwalimu mwanamume, Lehrerin ni mwalimu mwanamke. Katika karne ya 15 na ya 16 kilipachikwa pia kwenye majina ya ukoo ya wanawake. Matumizi hayo yalififia baadaye, na katika lugha sanifu ya leo mwanamke wa ukoo huo huitwa Tucher tu. Kiswahili hakina mofimu ya namna hii. Ngeli ya kwanza huchukua mwalimu, mkulima, mzee na mgeni bila kuuliza jinsia yao. Kwa hiyo tafsiri yangu ya «wa kina Tucher» imemwongezea Elspet kile kijineno «wa» na kumpunguzia kiambishi -in. Tumempa umiliki ulio wazi zaidi, tumemnyima alama ya uke.

Sasa tuulize ni kitu gani hakimo. Kabla ya kuolewa Elspet alikuwa wa ukoo wa Pusch. Jina hilo halionekani. Kwenye mapambo yake hali ni ile ile: bizimu inayofunga vazi lake kifuani imefanyizwa herufi N na T, yaani Niclas Tucher. Ukingo wa vazi la ndani umepambwa kwa mfuatano wa herufi nyingine ambazo zinadhaniwa kuwa vifupisho vya maneno ya msemo fulani. Wataalamu hawajakubaliana juu ya maana yake. Niwakumbushe wanafunzi wangu kwamba fumbo hilo halikuwa fumbo kwa aliyelivaa.

Ili tusidhani kuwa mpangilio huu ni wa Elspet peke yake, tuutazame ubao mwingine wa mwaka huo huo. Dürer aliwachora pia Hans Tucher na mkewe Felicitas, na mbao zao zote mbili ziko katika mji wa Weimar. Juu ya kichwa cha mume imeandikwa Hans Tucher, na umri wake, miaka 42. Juu ya kichwa cha mke imeandikwa Felitz Hans Tucherin, na umri wake, miaka 33. Mume ana maneno mawili, mke ana matatu. Neno la ziada si lake.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye mwambao wetu, kwa ajili ya ulinganishi. Mtunzi wa utendi maarufu wa mwaka 1858 tunamjua kwa jina la Mwana Kupona binti Mshamu. Aliolewa na mtawala wa Siyu, mtu mwenye cheo na sifa, lakini jina lake halikumezwa na la mumewe. Alibaki binti Mshamu hadi kufa kwake. Desturi hiyo ya Kiislamu humwacha mwanamke katika nasaba ya baba yake hata baada ya ndoa. Sisemi kwamba desturi hiyo ilimfanya awe huru zaidi kuliko Elspet. «Binti» nalo ni neno la uhusiano, na uhusiano wenyewe ni wa kwa mwanamume. Nasema tu kwamba lugha mbili na sheria mbili zilichagua wanaume tofauti wa kumtajia mwanamke.

4. Mchoraji na watu wake

Linganisheni sasa na namna mchoraji alivyojitaja mwenyewe. Mwaka 1498 Dürer alijichora. Picha hiyo iko katika jumba la Prado mjini Madrid. Chini ya dirisha aliandika kwa Kijerumani kwamba yeye ndiye aliyeichora kufuata umbo lake, alipokuwa na umri wa miaka 26. Ni umri ule ule wa Elspet. Lakini maandishi ya mchoraji ni sentensi: yana nafsi ya kwanza, yana kitenzi. Mwaka 1500, katika picha iliyoko Munich, alirudia jambo hilo kwa Kilatini, akasema kuwa yeye, Albrecht Dürer wa Nuremberg, alijichora hivyo akiwa na umri wa miaka 28. Tena nafsi ya kwanza, tena kitenzi. Katika maandishi ya Elspet hakuna kitenzi. Ana miaka 26 bila kutenda lolote.

Itakuwa dhuluma tukilifanya hili kuwa kosa la Dürer. Wanaume wa ukoo wa Tucher nao hawakupewa vitenzi. Mteja hutajwa, mchoraji hutenda. Hata hivyo tunapowatazama wanawake wa nyumbani kwa Dürer, ambao aliwachora bila kulipwa na bila kuagizwa, tunakuta sarufi nyingine.

Mwaka 1494, mwaka aliomwoa Agnes Frey, alimchora kwa wino, ameegemea mkono, kama mtu anayesinzia. Chini yake aliandika maneno mawili: mein Agnes, yaani «Agnes wangu». Ukoo wa Frey haumo, ukoo wa Dürer haumo. Kimilikishi cha nafsi ya kwanza kimechukua nafasi ya koo zote mbili. Ni umiliki, ndiyo, lakini ni umiliki wa mtu na mtu, ule ambao katika Kiswahili humfanya mtu aseme «mke wangu» au «mwanangu» bila kukusudia mali.

Mwaka 1514 alimchora mama yake kwa makaa. Mchoro huo uko Berlin. Bibi kizee amekonda, mifupa ya shingo imejitokeza, kipaji cha uso kimejaa makunyanzi. Dürer aliandika kwamba huyu ni mama yake Albrecht Dürer, naye ana umri wa miaka 63. Baada ya miezi michache aliongeza siku ya kifo chake. Mama huyo aliitwa Barbara. Jina hilo halimo kwenye mchoro. Aliyemwandika alikuwa mtoto wake, na kwake yeye alikuwa mama.

Wasikilizaji wangu wameshatambua kuwa hapa tumefika nyumbani. Mama Fulani ndiyo namna ya heshima ya kumtaja mwanamke aliyezaa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mama yangu mzazi aliitwa kwa jina la kaka yangu mkubwa kwa zaidi ya nusu karne, na majirani, na shangazi zetu, na baba yetu pia. Alipofariki, fundi aliyejenga kaburi alituuliza aandike nini kwenye saruji kabla haijakauka. Mimi, mwalimu wa isimu, pamoja na ndugu zangu, tulimjibu mara moja kwa jina tulilolizoea. Mama mdogo, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye mkeka, akasema: «Wanangu, dada yangu ana jina. Hilo mlilolitaja ni la mtoto wake». Tulitazamana. Mdogo wetu wa mwisho hakuwa na hakika ya jina la babu upande wa mama, na ilibidi mama mdogo atutajie. Fundi akaandika, na saruji ikakauka. Tangu siku hiyo sijalisoma jina la mwanamke kwenye kaburi, kwenye hati wala kwenye picha bila kujiuliza ni nani aliyekuwa amekaa kimya mkekani wakati lilipoandikwa.

5. Nyuma ya ubao, na mwanamke wa Antwerp

Ubao wa Hans Tucher una upande wa nyuma, na nyuma yake kumechorwa nembo za koo mbili, ule wa Tucher na ule wa Rieter alikotoka Felicitas. Kwa hiyo ukoo wa mke ulitajwa, ila kwa alama, na ulitajwa mgongoni mwa mume. Nembo ya ukoo wa Tucher ina jambo jingine la kututuliza macho. Nusu yake ya chini ni kichwa cha mtu mweusi. Vichwa vya aina hiyo vilikuwa vya kawaida katika nembo za Ulaya ya kati, na mara nyingi vilihusishwa na Mtakatifu Mauritius, askari shahidi aliyeaminiwa kuwa mtu wa Afrika. Kichwa hicho hakina jina wala umri. Ni alama ya watu wengine.

Miaka michache baadaye Waafrika walianza kuwa karibu zaidi na wafanyabiashara wa Nuremberg kuliko alama ya nembo. Mwaka 1505 mfalme wa Ureno alituma kundi la merikebu chini ya Francisco de Almeida kwenda Bahari ya Hindi. Merikebu tatu kati yake ziligharimiwa kwa fedha za wafanyabiashara wa Ujerumani, wakiwemo Hirschvogel na Imhoff wa Nuremberg. Ukoo wa Tucher haumo miongoni mwa waliotajwa katika mkataba huo, nami siwasingizii. Tunalolijua sisi watu wa pwani ni matokeo: mwezi Julai mwaka huo Kilwa ilitekwa na kuporwa, na mwezi Agosti Mombasa ikachomwa moto. Mojawapo ya habari muhimu tulizo nazo juu ya siku hizo iliandikwa na Mjerumani aliyekuwa safarini, Hans Mayr. Mwaka huo huo wa 1505 Dürer alikwenda Venice.

Bidhaa za Bahari ya Hindi ziliuzwa Ulaya kaskazini kupitia Antwerp, na huko mfalme wa Ureno aliweka mawakala wake. Dürer alipozuru mji huo mwaka 1520 na 1521 alifanya urafiki na mawakala hao, akapokea zawadi zao na kuwachorea picha. Katika kumbukumbu zake za safari aliandika kwamba alimchora kwa kalamu ya chuma mwanamke mweusi wa nyumbani kwa wakala João Brandão. Hakumtaja jina katika kumbukumbu hizo. Alimtaja kwenye karatasi ya mchoro wenyewe, ambayo sasa iko Uffizi, mjini Florence. Hapo tunasoma: Katherina, umri miaka 20, na mwaka 1521.

Mchoro huo wa kalamu yenye ncha ya fedha ni mmoja wa michoro ya mwanzo kabisa katika sanaa ya Ulaya unaomwonyesha mwanamke wa Kiafrika kama mtu fulani, mwenye uso wake na umri wake. Amefunga kitambaa kichwani, macho ameyainamisha. Sarufi ya jina lake ni fupi kuliko zote tulizoziona. Hakuna jina la mume wala la ukoo. Hakuna kiambishi. Hakuna «wangu». Kwa mtazamo wa haraka twaweza kufurahi na kusema: hatimaye mwanamke ametajwa kwa jina lake tu! Lakini mwanaisimu lazima ajihadhari na furaha hiyo. Mofimu isiyoonekana nayo ina maana, kutegemea ni nini kilichotarajiwa kuwapo mahali pake. Katika jamii ambamo jina la ukoo ndilo lililompa mtu ulinzi, jina lililokatika baada ya ubatizo halikuwa uhuru. Katherina ni jina la Kikristo la Ulaya alilopewa na waliombatiza. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Na umiliki haukukosekana. Ulikuwa umeandikwa kwenye ukurasa mwingine, pale mchoraji alipomtaja kuwa mwanamke wa wakala.

Sisi wa pwani tunaijua sarufi hiyo. Katika karne ya 19 mtu aliyeletwa kutoka bara akiwa mtumwa alipewa jina jipya na bwana wake, na nasaba ya bin na binti ilibaki fahari ya waungwana. Tukimlaumu mwenye nyumba wa Antwerp tusisahau kujikagua.

6. Picha kugeuka mali

Miaka mia nne na zaidi baadaye, majina hayo yaliingia mahakamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili picha za Hans na Felicitas zilihamishwa kutoka Weimar na kufichwa katika jumba la Schwarzburg ili zisiharibiwe. Zilitoweka huko katika majira ya joto ya mwaka 1945, wakati majeshi ya Marekani yakijiandaa kuondoka. Mwaka 1946 mwanasheria mmoja wa New York alizinunua kwa dola 450 kutoka kwa mtu aliyekuwa askari, akazitundika nyumbani kwake. Mwaka 1966 ndipo zilipotambuliwa. Majina yalikuwa yameandikwa juu ya picha wakati wote huo.

Kesi iliyofuata ilikuwa, kwa kweli, kesi ya -a unganifu. Picha hizi ni za nani? Ujerumani ya Magharibi ilidai. Ukoo wa watawala wa zamani wa Weimar nao ulidai. Na jumba la sanaa la Weimar, lililokuwa Ujerumani ya Mashariki, halikuweza hata kuingia kesini hadi Marekani ilipoitambua serikali ya nchi hiyo mwaka 1974. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba picha zilikuwa mali ya jumba la Weimar, nazo zikarudishwa.

Elspet hakusafiri hivyo, lakini alisambaa zaidi. Kuanzia mwaka 1961 uso wake uliwekwa kwenye noti ya mark 20 ya Ujerumani ya Magharibi, na kwa takriban miaka thelathini mamilioni ya watu walimbeba mfukoni, wakamlipia mkate na nauli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 noti ilibadilishwa, akawekwa mwanamke mwingine, Annette von Droste-Hülshoff, mshairi wa karne ya 19. Nimewahi kuufikiria mabadiliko hayo kwa jicho la kisarufi: mwanamke aliyetajwa na wengine alimpisha mwanamke aliyeandika mwenyewe. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1991, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliifuta kanuni iliyolifanya jina la mume kuwa jina la ndoa pale mume na mke wasipokubaliana. Kile kilichoandikwa juu ya kichwa cha Elspet kama jambo lisilohitaji maelezo kilikuwa sasa kimehitaji maelezo, na maelezo hayakupatikana.

7. Hitimisho

Tumewasoma wanawake watano. Agnes ni «wangu». Elspet na Felitz ni wa waume zao na wa kina Tucher. Barbara ni mama wa mwanawe. Katherina ni Katherina tu, na utupu ulio baada ya jina lake ndio wenye habari nzito kuliko zote. Mkono uliowaandika wote watano ulikuwa wa enzi moja na mji mmoja. Kilichobadilika ni mahali kila mmoja alipowekwa baina ya watu wengine, na badiliko hilo linaonekana kwenye kiambishi, kwenye kimilikishi, na pale pasipo na neno.

Kutokana na hayo nawaachia vijana wa idara hii kazi moja. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa namna za kumtaja mwanamke: Mama Fulani, Bi Fulani, binti Fulani, mke wa Fulani, Mwana, Nana, na nyinginezo. Zimo kwenye makaburi, kwenye hati za mirathi, kwenye rejista za shule na za makanisa, nyuma ya picha za familia zilizopigwa studio. Nyingi zimeandikwa kwa wino unaofifia, na wanaoweza kutueleza ni nani aliyekuwa nani wanazeeka. Kazi ya kuzikusanya na kuzichambua haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji daftari, uvumilivu, na adabu ya kumwuliza mama mdogo kabla saruji haijakauka.

Nami kwa kuwa nimewasimulia habari za mama yangu, sitaondoka hapa na kosa lile lile. Aliitwa Mwanaidi binti Salimu.